Kilomita 660 chini ya nyayo zetu

Fungu la machungwa sokoni hupangwa matatu chini, moja juu, na katikati hubaki mwanya mdogo. Chukulia kila chungwa ni atomu ya oksijeni, na mle mwanyani imejibanza atomu moja ya silikoni. Hilo ndilo tofali la madini ya silikati, na ndilo lililojenga sehemu kubwa ya miamba tunayoikanyaga, yakiwemo mawe makubwa ya Mwanza na lava ya Kilimanjaro. Ukishuka chini sana, fungu hilo halidumu.

Chini ya ganda la dunia, madini yaliyotawala ni olivini, ya kijani, yenye magnesi, chuma, silikoni na oksijeni. Kwenye kina cha kilomita 410 hivi, mgandamizo hufikia takriban mara 140,000 ya ule wa hewa tunayovuta. Hapo atomu za olivini hujipanga upya kwa kubanana zaidi, nayo huwa wadsleiti. Karibu na kilomita 520 hujipanga tena na kuwa ringwuditi. Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa. Ni mpangilio tu uliobadilika, na bado kila silikoni inazungukwa na oksijeni nne.

Badiliko kubwa kuliko yote liko kilomita 660. Ringwuditi huvunjika na kuzaa madini mawili, na katika mojawapo, brijimaniti, silikoni huzungukwa na oksijeni sita: tatu chini, tatu juu. Mawimbi ya matetemeko yakifika hapo huongeza kasi ghafla, na kwa njia hiyo wanasayansi waliutambua mpaka huu bila kuchimba.

Brijimaniti ndiyo madini yaliyo mengi kuliko yote duniani, lakini ilipewa jina rasmi mwaka 2014 tu, kwa sababu kanuni hudai sampuli ya asili, na kutoka kina hicho haifiki juu ikiwa nzima. Sampuli ilipatikana ndani ya kimondo cha Tenham, kilichoanguka Queensland, Australia, mwaka 1879. Miamba ilipogongana angani, mgandamizo wa kitambo kifupi ulifanya kazi ileile ya kilindi cha dunia.

Mwaka huohuo wa 2014, mwanasayansi Graham Pearson na wenzake walitangaza jambo ambalo kwangu linazidi hilo kwa uzito. Ndani ya almasi ndogo ya kahawia kutoka Juína, Brazil, isiyovutia sonara yeyote, walikuta chembe ya ringwuditi isiyofika hata milimita 0.1. Almasi iliibana kwa nguvu njia nzima ya kupanda juu, ikakosa nafasi ya kurudi kuwa olivini. Walipoimulika kwa mionzi ya infraredi, waliona hidrojeni iliyofungwa katika mpangilio wake, sawa na maji ya takriban asilimia 1.5 ya uzito wake.

Si maji ya kuteka kwa ndoo. Yamekuwa sehemu ya jiwe lenyewe. Lakini tabaka la ringwuditi ni nene mno, na hata asilimia moja tu ingekuwa maji mengi mno. Brijimaniti, kwa upande wake, haiwezi kubeba kiasi hicho. Kwa hiyo ringwuditi yenye maji ikizama kuvuka kilomita 660, maji hukamuliwa, nayo hushusha kiwango cha joto kinachohitajika kuyeyusha mwamba. Chini ya Amerika Kaskazini, mawimbi ya matetemeko yameonyesha dalili za mwamba ulioanza kuyeyuka mahali hapohapo.