Aliishinda saratani, akarudi kufunga mabao

WAPENZI wa kandanda, kuanzia Homa Bay hadi Migori, wanamkumbuka Sébastien Haller kwa bao moja: lile la Februari 11, 2024 mjini Abidjan, lililoipa Ivory Coast ushindi wa 2-1 dhidi ya Nigeria na Kombe la Mataifa ya Afrika.

Karibu miezi 19 kabla ya hapo, mshambuliaji huyo alikuwa mgonjwa. Julai 2022, akiwa ndio kwanza amejiunga na Borussia Dortmund ya Ujerumani, aligunduliwa kuwa na saratani ya korodani. Alipasuliwa mara mbili, kisha akatiwa dawa kali za saratani kwa awamu nne.

Alirejea katika mechi za ligi Januari 22, 2023. Februari 4, Siku ya Saratani Duniani, akafunga bao lake la kwanza la ligi kwa Dortmund. Mei akakosa penalti dhidi ya Mainz, siku ya mwisho ya ligi, na ubingwa ukawaponyoka. Hakukata tamaa.

Saratani hii huwapata zaidi vijana, na ikijulikana mapema wengi hupona. Mara nyingi huanza kwa uvimbe mdogo usiouma. Kwa hivyo kijana, jipapase unapooga. Ukihisi uvimbe, usione haya wala usingoje maumivu, mwone daktari. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua.