Oya Wana, Roki Ngumu Ni Yetu Pia

Mimi ni mnazi wa roki ngumu na wala sifichi. Nazungumzia ile ya kitambo, ya magitaa yanayonguruma mpaka sabufa inahama mezani. Na ninaisikiliza Kahororo hii hii ya Bukoba. Kitaa chetu kinakula Bongo Fleva, singeli na amapiano, na shughuli ikinoga anawekwa Saida Karoli, mtu wa nyumbani, watu wanachambua kama karanga mpaka asubuhi. Zote nazikubali. Ila kuna vyuma vilivyotoka miaka ya 1970 na 1980 ambavyo wana wengi mnavikwepa kwa sababu mmeambiwa ni makelele ya Wazungu waliodata. Hapo mmepigwa, na leo nataka niwasanue.

Anza na albamu ya kwanza ya Black Sabbath, iliyotoka Ijumaa tarehe 13 Februari 1970. Ni machizi wanne wa Birmingham, Uingereza, walioingia studio na kurekodi kwa siku moja tu. Goma la kwanza, lenye jina hilo hilo "Black Sabbath", linafunguka na mvua. Inamwagika kwelikweli, radi inapiga, kengele ya kanisa inalia kwa mbali. Halafu gitaa linashuka: noti tatu, nzito, bila haraka. Mtu wa Bukoba haelekezwi hapo. Mvua ya namna hiyo tumelelewa nayo. Zima taa ya geto, vaa hedifoni, acha goma litembee dakika zake sita zote. Usiruke mbele. Utamu wa ngoma hii uko kwenye kusubiri, maana mwishoni gitaa linachomoka mbio na hapo ndipo mzuka unapanda.

Sasa cheki huo uzito ulikotoka. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa dogo wa kiwandani, kazi yake mabati. Akiwa na miaka 17 akapata dili la kwenda kupiga na bendi Ulaya, akataka kuacha kazi. Siku ya mwisho alirudi nyumbani mchana kula, akawa hataki tena kwenda. Maza akamwambia aende akamalize siku yake vizuri. Akaenda. Mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Na jamaa ni mashoto, kwa hiyo huo wa kulia ndio mkono wake wa kubana nyuzi. Madaktari wakamwambia asahau gitaa.

Msimamizi wake wa kiwandani akamletea sahani ya santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyeungua mkono kwenye moto akabaki anapiga solo kwa vidole viwili. Dogo akasikiliza, akasimama tena. Akachukua chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akaiyeyusha, akatengeneza vikofia vya kuvaa vidoleni, akavibandika vipande vya ngozi ili visiteleze kwenye nyuzi. Akatafuta nyuzi nyembamba. Baadaye akazilegeza zaidi ili zisimuumize, na sauti ikashuka chini, ikawa nene na ya kutisha. Magitaa mazito unayoyasikia kwenye hevi metali mpaka leo yanaanzia kwenye vidole hivyo.

Ndiyo maana nawaka mtu akisema huu ni muziki wa watoto wa kishua. Huu muziki umetoka karakana. Pita kwa mafundi wa mageti pale mjini, sikiliza grainda inavyokata chuma na nyundo inavyojibu. Waliopiga hevi metali ya mwanzo walikua katikati ya milio hiyo. Ni muziki wa watu wa kazi, na wewe unayelala na vumbi la kazi mwilini una haki nao kuliko unavyodhani.

Najua kelele nyingine: muziki wa shetani. Tuliongee kiutu uzima. Aliyeandika mashairi mengi ya Black Sabbath ni mpiga besi wao, Geezer Butler, mtoto aliyelelewa kwenye familia ya Kikatoliki. Sikiliza "War Pigs" ya 1970. Vita ya Vietnam ilikuwa inawaka, na wimbo unawachana wakubwa wanaopanga vita mezani halafu wanapeleka watoto wa maskini wakafe. Kagera tunalijua hilo kuliko wengi. Mwaka 1978 jeshi la Idi Amin liliingia mkoani kwetu, daraja la Kyaka likavunjwa, watu wakakimbia na kuacha migomba yao. Mzee aliyeishi miezi ile ukimweleza wimbo unasema nini, atakuelewa.

Halafu kuna hili la kwetu kabisa. Tarehe 5 Septemba 1946, Unguja, alizaliwa mtoto anaitwa Farrokh Bulsara. Baba yake alikuwa mtunza fedha wa serikali. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza, dogo akiwa na miaka 17. Dunia inamjua kwa jina la Freddie Mercury wa Queen, na nyumba ya makumbusho yake ipo Shangani, Mji Mkongwe. Wengi mnamjua kwa "Bohemian Rhapsody" ya 1975. Mimi nakupeleka kwenye "Stone Cold Crazy" ya 1974: dakika mbili na ushee, gitaa linakimbia kama bodaboda imekatika breki mteremkoni, na Freddie anatema maneno bila kumeza mate. Metallica, vigogo wa hevi metali wa Marekani, waliirudia, na mwaka 1991 ikawapa tuzo ya Grammy.

Freddie alifariki Novemba 1991. Tarehe 20 Aprili 1992 watu 72,000 wakajaa Wembley kumuaga. Ikapigwa hiyo hiyo "Stone Cold Crazy". Kwenye maiki yuko James Hetfield wa Metallica, Queen wenyewe nyuma yake, na pembeni na gitaa lake amesimama Tony Iommi, yule yule wa vikofia vya plastiki. Dogo wa kiwandani anapiga ngoma ya dogo wa Unguja. Tafuta hiyo video, mwanangu. Ni unyama.

Na sisi wa Kagera tuna mzizi wetu. Enanga ya Wahaya inapigwa na mzee mmoja, uzi umepitishwa kwenye ubao mara saba au nane, na anaghani habari za wafalme na mashujaa, na za Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba. Profesa Mugyabuso Mulokozi alizitafiti tendi hizo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1980. Ukitoka huko weka "Rime of the Ancient Mariner" ya Iron Maiden, ya 1984: zaidi ya dakika 13, safari ya chombo baharini, laana, mabaharia wanateswa na kiu. Mjukuu wa mpiga enanga hawezi kulalamika kwamba wimbo ni mrefu.

Majirani wameshaamka. Dar ilikuwa na bendi ya Sunburst, waliochanganya roki na muziki wa Kiafrika kwenye albamu yao "Ave Africa" ya 1976, na mwaka 2016 lebo ya Strut ikaitoa upya kwa dunia nzima. Wakenya wawili, Martin Khanja na Sam Karugu, waliunda kundi la Duma, na albamu yao ya 2020 ilitoka kwa Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kampala, waitu! Mji ulio karibu nasi kuliko Dar, unapanda basi unapita Mutukula.

Kwa hiyo wikiendi hii weka bando, shusha hizi tano kwa mpangilio: "Black Sabbath", "War Pigs", "Stone Cold Crazy", "Back in Black" ya AC/DC ya 1980, umalizie na "Rime of the Ancient Mariner". Zisikilize kwa sauti, lakini usimkere jirani. Kisha muulize babu au bibi kama anamjua mzee yeyote anayepiga enanga bado, ukamrekodi angali hai. Na wewe unayepiga gitaa la kwaya, ukipata nafasi baada ya mazoezi, jaribu zile noti tatu. Iommi na Freddie walikuwa na umri wa wanafunzi wa Kahororo Sekondari mambo yalipowageukia. Hamna sababu ya kusubiri mkue.