Silaha ya Vifaru Iliyokosa Vifaru

Silaha ndogo kuliko zote katika orodha hii ya silaha za kupigia vifaru ni bastola, na haikutengenezwa kwa ajili ya vifaru. Ilikuwa mkononi mwa Sajini Nigel Gray Leakey, mzaliwa wa Kenya, askari wa kikosi cha 1/6 cha King's African Rifles, ambao wazee wetu waliwaita Keya. Tarehe 19 Mei 1941, mahali palipoitwa Colito nchini Ethiopia, kompani mbili za kikosi hicho zilivuka mto Bilate na kumshtukiza adui. Silaha za kupigia vifaru zilikuwa bado ng'ambo ya pili. Mara vifaru vya Waitaliano vikachomoza, viwili vikija kwa nyuma.

Kazi ya Leakey siku hiyo ilikuwa kufyatua mota ya inchi 3, na mabomu yalikuwa yamemwishia. Alikirukia kifaru kimoja, akafungua mfuniko wa juu kwa nguvu, akampiga risasi kamanda na wenzake. Alimbakiza dereva peke yake, akamwamuru akiingize kifaru mafichoni. Alijaribu kuufyatua mzinga wa kifaru hicho, ukagoma. Basi akashuka na kuvinyemelea vilivyobaki kwa miguu, yeye na sajini meja mmoja Mwafrika na askari wengine wawili. Waliviacha viwili vipite. Leakey akapanda cha tatu, akamuua mmoja wa waliokuwa ndani, kisha rashasha ya kifaru cha nne ikamwangusha. Nishani ya Victoria Cross ilitangazwa Novemba 1945, miaka minne na nusu baada ya kifo chake. Tangazo lenyewe linamtaja sajini meja yule kwa cheo tu, na wale askari wawili kwa neno "askari". Katika rekodi za kunyimwa sifa, hiyo nayo iko mbele.

Msomaji wa Nakuru asidhani Colito ni mbali sana. Bilate unamwaga maji yake katika Ziwa Abaya, ndani ya Bonde la Ufa hili hili linalopita Naivasha, Elmenteita na Baringo. Waitaliano waliotekwa katika vita vile waliletwa Kenya kwa maelfu, na mikono yao ndiyo iliyojenga kile kikanisa kidogo cha Mai Mahiu mwaka 1942, ambacho kila dereva wa lori anayeteremka kuelekea Naivasha anakijua.

Ya kwanza, na iliyochukiwa zaidi

Vifaru viliingia vitani kwa mara ya kwanza Septemba 1916, huko Ufaransa. Jibu la kwanza la askari wa miguu lilikuja 1918 kutoka Ujerumani: bunduki ya Mauser ya milimita 13.2, yenye urefu wa karibu mita 1.7, inayobeba risasi moja tu kwa wakati. Kwa kweli ilikuwa bunduki ya kawaida iliyokuzwa kupita kiasi. Ilitoboa bati la vifaru vya wakati ule, na bega la mpigaji nalo halikusalimika.

Waingereza walifuata njia hiyo hiyo na bunduki ya Boys, yenye kilo 16 hivi, ambayo ndiyo waliyoanza nayo Vita vya Pili. Ilipewa jina la Kapteni Henry Boys, mmoja wa waliosimamia uundaji wake, aliyefariki mwaka 1937 kabla haijapitishwa rasmi. Nadhani alikuwa na bahati, kwa maana hakuyasikia maneno ambayo askari waliyaambatanisha na jina lake. Magari mepesi ya Waitaliano iliweza kuyatoboa. Mbele ya vifaru vipya vya Ujerumani ikawa mzigo tu.

Wazo lililobadilisha kila kitu

Tatizo la bunduki hizo ni kwamba zilitegemea kasi. Deraya ikinenepa, risasi lazima iende kasi zaidi, na bunduki lazima iwe nzito zaidi, hadi mtu mmoja asiweze kuibeba. Ufumbuzi ulikuwa umelala maabara tangu 1888, Mmarekani Charles Munroe alipoonyesha kwamba baruti yenye shimo upande mmoja hukita kwa nguvu zaidi upande ule wa shimo. Shimo hilo likifanywa umbo la pia na kuvikwa bati la shaba, mlipuko huibana shaba ile na kuifanya mchirizi mwembamba unaokwenda kilomita kadhaa kwa sekunde. Wengi husema mchirizi huo huyeyusha chuma kwa joto. Sivyo. Unakisukuma pembeni kwa shinikizo, na hapo kasi ya kombora lenyewe haina tena umuhimu mkubwa. Linaweza kurushwa polepole kutoka begani na bado likatoboa.

Bazuka ya Wamarekani, bomba la milimita 60 lenye roketi, ilitoka 1942. Wajerumani waliiteka, wakaikuza hadi milimita 88. Panzerfaust yao ilishinda kwa wingi katika vita vile: zaidi ya milioni 6 zilitengenezwa, kila moja ya kutumika mara moja na bomba kutupwa. Aina za mwanzo zilimtaka askari akisogelee kifaru hadi mita 30, umbali ambao mtu wa ndani anaweza karibu kukuona uso.

Tuzo ya ubishi nawapa Waingereza. Walikataa roketi, wakatengeneza PIAT mwaka 1943, silaha ambayo springi yake husukuma fimbo ya chuma inayowasha baruti ya kurushia iliyo mkiani mwa bomu. Kuivuta springi hiyo kulihitaji nguvu ya kama kilo 90. Askari alisimama, akaikanyaga na kuinyoosha kwa mwili mzima, na jambo hilo ni gumu ukiwa umelala kwenye handaki huku unapigwa risasi. Hata hivyo haikutoa moshi wala moto nyuma, kwa hiyo mpigaji hakujulikana alipo. Faida hiyo haikupatikana kirahisi katika silaha zilizofuata.

Iliyoishi muda mrefu jeshini

Carl Gustaf ya Uswidi, milimita 84, iliingia kazini 1948 na bado inatengenezwa. Ya zamani ilipita kilo 14. Toleo la 2014 liko chini ya kilo 7. Haipigi bega kwa sababu gesi ya baruti inatolewa kwa nyuma, ikilingana na msukumo wa bomu linalokwenda mbele. Ndiyo maana kuruta yeyote hufundishwa kuangalia nyuma yake kwanza: aliyesimama pale anaweza kufa sawa na adui aliye mbele, na anayefyatua akiwa chumbani anajiumiza mwenyewe.

Jeshi la Kenya limekuwa nayo kwa miaka mingi, na maofisa wake hupitia chuo cha kijeshi cha Lanet, hapa Nakuru. Lakini usiku ambao Lanet ilikaribia vita kuliko wakati mwingine wowote, ule wa 24 Januari 1964, wakati askari wa kikosi cha 11 cha Kenya Rifles walipoasi, hapakuwa na silaha kubwa. Ulikuwa ugomvi wa bunduki na ghala la silaha, na Waingereza waliotumwa kuuzima walitoka jirani tu, Gilgil.

Rekodi ya ajabu zaidi ya Carl Gustaf iko baharini. Aprili 1982, kisiwani South Georgia, wanamaji wachache wa Uingereza waliitumia kuipiga meli ya kivita ya Argentina, Guerrico, wakaitoboa. Hapo ndipo hadithi ya kwetu inapoanzia, kwa sababu katika kupiga visivyo vifaru, Afrika Mashariki tumeishinda South Georgia kwa mbali.

Iliyoenea kuliko zote

RPG-7 ya Urusi ilipitishwa 1961. Bomba lake la milimita 40 lina kilo 7 hivi, kichwa cha kombora kinachotokeza mbele kina milimita 85 katika aina ya awali, na inakadiriwa kwamba zaidi ya milioni 9 zimetengenezwa. Ni rahisi, bomba lake halina vifaa vya umeme vya kuharibika, na mtu asiyejua kusoma anaweza kufundishwa kuitumia. Iliundwa kwa ajili ya vifaru vya NATO katika nyanda za Ulaya. Sasa tazama ilichopiga upande huu wa dunia.

Mogadishu, tarehe 3 Oktoba 1993: helikopta mbili za Black Hawk za Wamarekani ziliangushwa kwa RPG, na askari wao 18 walikufa katika mapigano hayo. Novemba 2005: maharamia wa Kisomali waliifyatulia meli ya kitalii Seabourn Spirit iliyokuwa njiani kuja Mombasa, na kombora moja likakwama chumbani bila kulipuka. Tarehe 5 Januari 2020, Manda, Lamu: al-Shabaab waliipiga ndege iliyokuwa uwanjani na kuwaua marubani wake. Helikopta, meli, ndege. Kifaru hakimo.

Kulikuwa na mara moja ambapo vifaru na RPG vilikutana kwa wingi. Septemba 2008 maharamia waliiteka meli ya Faina, ikiwa na vifaru 33 vya T-72 pamoja na shehena ya RPG. Waliishikilia kwa zaidi ya miezi minne hadi fidia ya dola milioni 3.2 ilipolipwa, na Februari 2009 ikatia nanga Mombasa. Serikali ya Kenya ilisema mzigo ni wake. Hati zilizoonekana zilielekeza Sudan Kusini. Wakati wote huo watu wenye RPG mabegani walikuwa wakizunguka juu ya vifaru 33, wakivilinda.

Ya bei kubwa kuliko zote za begani pengine ni Javelin ya Marekani, ya 1996, ambayo hujiongoza yenyewe na kukipiga kifaru juu, palipo laini. Kombora moja linapita dola 100,000, zaidi ya shilingi milioni 10. Kwa bei hiyo, maharamia hawataipata upesi.

Inayodumu hata baada ya vita

Makombora mengi ya RPG yana kiwashio puani kinachozalisha umeme kwa kubanwa tu. Hakihitaji betri, kwa hiyo kombora lililogoma linaweza kulala ardhini miaka mingi likiwa bado hatari, na mtoto anayelipiga kwa fimbo ndiye anayelikamilishia kazi. Kaskazini mashariki ya Nakuru, katika viwanja vya mazoezi vya Archer's Post na Dol Dol, jeshi la Uingereza lilifanya mazoezi kwa miongo na kuacha mabomu ya kila aina katika malisho. Julai 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wasamburu na Wamaasai zaidi ya 200 waliolemazwa au kufiwa. Haikukubali lawama yote: jeshi la Kenya nalo lilitumia viwanja hivyo, na kipande cha chuma kilicholipuka mbele ya ng'ombe hakikuwa na jina la mwenyewe.