Bomba la moshi linalonguruma: sauti inaweza kupungua bila gari kupoteza nguvu

Mjini Lubumbashi, mwenye gari anayebadilisha bomba la moshi hutafuta vitu viwili: sauti nzito na nguvu kidogo zaidi. Kwa safari za mjini hana neno. Shida huanza akishika barabara ya Likasi, kilometa 120 hivi kwa mwendo usiobadilika. Mshale unapotulia kwenye mizunguko 3.000 kwa dakika, ndani ya gari kunazuka mngurumo mmoja usiokatika. Abiria wanapaaza sauti ili wasikilizane, na dereva anafika na kichwa kizito.

Dawa ya haraka garajini ni kubana bomba: kuongeza silansie ya vyumba vyumba, au kupachika mdomoni kipande cha chuma chenye tundu dogo. Sauti hushuka kweli, lakini moshi unatoka kwa taabu na gari linalegea mlimani. Lubumbashi hasara hiyo huonekana upesi. Mji uko karibu mita 1.200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo tayari imekosa takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Kuibana zaidi ni kulipa mara mbili.

Mngurumo huo hauna haja ya kutibiwa kwa kubana bomba zima, kwa sababu ni sauti moja tu kati ya nyingi. Katika injini ya silinda nne, mafuta hulipuka mara mbili kila injini inapozunguka. Mizunguko 3.000 kwa dakika ni 50 kwa sekunde, basi milipuko ni 100 kwa sekunde. Ikitokea kwamba bomba na chumba cha gari vinapenda kutetemeka kwa kiasi hichohicho, sauti hiyo inakuzwa na zingine zinabaki chini. Ndiyo maana dereva akiongeza au kupunguza mwendo kidogo, kelele hupotea ghafla.

Silansie iliyonyooka, yenye sufi ya kioo kuzunguka bomba lenye matundu, inapitisha moshi vizuri na kumeza sauti kali. Kwa sauti nzito kama hii haifui dafu.

Kinachofaa ni kipande cha bomba kilichozibwa upande mmoja, kinachochomelewa kama tawi kwenye bomba kubwa, kati ya katalizeri na silansie ya nyuma. Wimbi la sauti linaingia humo, linagonga mwisho na kurudi. Urefu ukiwa robo ya wimbi, linalorudi linakuta linalokuja likiwa kinyume chake, na yote mawili yanauana. Moshi wenyewe haupiti ndani ya tawi, unaendelea na njia yake, kwa hiyo injini haibanwi. Gari linaongezewa kilo mbili tatu za chuma, basi. Anayepuliza mdomo wa chupa tupu ya Simba anajua jambo hili tayari: kila chupa ina sauti yake moja.

Hesabu ya urefu ndiyo inayowaangusha mafundi wengi. Katika hewa ya kawaida sauti hukimbia mita 343 kwa sekunde. Gawa kwa 100, kisha kwa 4, unapata sentimita 86. Lakini ndani ya bomba kuna joto, na joto huharakisha sauti. Kwenye digrii 200 hufika karibu mita 436, na tawi linahitaji sentimita 109. Kwa kuwa hakuna anayejua joto la tawi lake kabla ya kupima, ni heri kuanza na refu, kufunga mwisho kwa kifuniko cha kubana bila kuchomelea, kwenda barabarani, kisha kukata kidogo kidogo. Simu yenye programu ya kupima sauti inasaidia kuona mngurumo uko wapi hasa.

Tawi moja linatibu mngurumo mmoja. Gari linalonguruma kwenye mizunguko 2.000 litahitaji tawi la mita moja na nusu au zaidi, na chini ya gari dogo nafasi hiyo haipatikani kirahisi hata likikunjwa. Pia mwisho wa tawi usiwe ndio sehemu ya chini kabisa: maji ya moshi yatajikusanya humo na kulitoboa kwa kutu.

Kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea, fundi alale chini ya gari. Mpira wa kuning'iniza uliokatika, au bomba linalogusa bodi, hupeleka mtetemo wote ndani, na kulirekebisha ni kazi ya dakika chache. Maungio yanayovuja yafungwe siku hiyohiyo, hata kama mwenye gari hana shida na kelele: gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na ikiingia ndani ya gari lililofungwa vioo inaua.