Meza ya Harusi ya Tanga

Tanga shughuli ya harusi huanza siku kadhaa kabla ya nikaha, wanawake wa mtaa wanapoitwa kuchagua mchele. Majamvi hutandikwa uani, kila mmoja na ungo wake, mawe na chuya vinatolewa huku nyimbo zikipokezanwa. Hakuna anayelipwa. Aliyekuja leo anajua kwamba kwake nako watakuja.

Zamani mapambo yalikuwa kazi ya mikono hiyohiyo. Meza hazikuwepo. Watu walikaa mkekani, sinia moja la pilau kwa watu wanne au watano, juu yake kawa la ukili wa rangi, pembeni mrashi na chetezo cha udi. Kila kilichopendeza macho kilikuwa na kazi yake, na shughuli ikiisha kilibaki nyumbani. Meza za duara zimekuja na ukumbi, na ukumbi umekuja na mpambaji wa kukodiwa, na satini, na maua ya plastiki yanayotoka harusi hii kwenda ile. Kamati inachangisha, fedha inalipwa, kesho yake asubuhi gari linakuja kubeba kila kitu. Ukumbi siupingi, maana una nafasi na paa la kuzuia mvua ya masika. Lakini kuwachangisha ndugu na majirani, wengine wa kipato cha siku kwa siku, ili tukodi plastiki katika mji wenye asumini, hilo naliona ni kosa.

Tuanze na hiyo asumini. Huchumwa alasiri, tumba likiwa bado limefumba, jeupe na gumu kidogo vidoleni. Usiku ndipo linapofumbuka na kutoa harufu yake yote. Kesho yake linaanza kugeuka rangi. Kwa hiyo kazi yake haiwekwi kiporo, hufanywa jioni ileile ya sherehe. Ukishalichuma lifunge katika jani bichi la mgomba au kitambaa chenye unyevu, uliweke kivulini. Halafu sindano na uzi wa pamba: unapitisha kwenye kikonyo, tumba baada ya tumba, usibane sana maana linahitaji nafasi ya kufumbuka. Uzi mrefu unakuwa koja la kuzungushia bakuli la maji katikati ya meza. Ndani ya bakuli unaelea mshumaa mfupi na petali za waridi chache. Wageni wakifika ukumbini matumba bado yamefumba nusu. Wakifikia kula, meza nzima inanukia, na hakuna satini inayoweza kufanya hivyo.

Yatakayobaki yafanyiwe vikuba. Kikuba ni asumini, waridi, mrehani na mkadi vikifungwa pamoja, kiasi cha kubandikwa kifuani. Kiwekwe mbele ya kiti cha kila mwanamke. Ukumbi wa watu 200 ni meza 25 za watu wanane wanane. Tuseme wanawake ni nusu, basi vinatakiwa vikuba 100, na wanawake kumi wakikaa pamoja kila mmoja anafunga kumi tu. Pambo hilo mgeni anaondoka nalo kifuani, na nyumbani atalala nalo kwenye mto wake.

Kitambaa cha kupita katikati ya meza kiwe khanga. Khanga moja ina urefu wa kama mita moja na nusu, na meza ya duara ya watu wanane upana wake ni huohuo. Ikikunjwa mara tatu kwa urefu inafika ukingo hadi ukingo bila kukatwa wala kushonwa. Rangi za kisutu, nyekundu, nyeupe na nyeusi, ndizo za harusi tangu enzi za bibi zetu. Ikunjwe ili jina lake lisomeke, na jina lichaguliwe kwa uangalifu: la dua, la shukrani, la mapenzi. Majina ya mafumbo yasikaribie meza, kwa sababu wageni watayasoma mojamoja na kuulizana nani kakusudiwa. Kila doti inatosha meza mbili. Sherehe ikiisha khanga zinafuliwa, zinapigwa pasi, na wanapewa somo wa bibi harusi, mashangazi na waliokesha jikoni. Zawadi hizo mlikuwa mnazinunua hata hivyo.

Vingine ni vyepesi. Kifuu cha nazi kikikwanguliwa nyuzi, kikapigwa msasa na kupakwa mafuta ya nazi, kinang'aa na kushika mshumaa vizuri ukitia mchanga chini. Chupa za jemu zilowekwe maji ya moto na sabuni. Gundi iliyobaki inatoka kwa mafuta ya kupikia na majivu. Shingoni zifungwe kamba ya katani. Mkonge ulioletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf uliwatoa jasho babu zetu mashambani kwa miaka mingi. Ni haki wajukuu wao wakae mezani pamoja na mkonge huo siku ya furaha. Na msimu wa machungwa ya Muheza ukiwa umefika, kikapu cha ukindu kilichojaa machungwa kinatosha meza bila ua hata moja, na baada ya pilau watu watayala.

Gharama halisi hapa ni watu, yaani mikono ya jioni moja. Ndiyo maana kazi hii haifai kuachiwa bibi harusi na dada yake peke yao. Siku ya kuchagua mchele, mama mwenye shughuli agawe kazi papo hapo: nani ana mwasumini uani, nani atakusanya vifuu, mabinti gani watafundishwa kufunga kikuba. Wazee wanaojua kuchanganya mkadi na mrehani wapo bado, na wengi wao hakuna aliyewaomba kwa miaka. Kamati zinazokaa kupanga harusi, nawaomba kabla hamjaandika bajeti ya mapambo, mpelekeni mtu akawabishie hodi wazee hao.