Bundi wa Sokoke na Karo za Watoto



Katika lugha yetu neno "ndege" halikomei kwa kiumbe arukaye kwa mbawa. Wazee wetu, wakianza safari wakakutana na jambo la kuwatia shaka, walisema wamepata ndege mbaya. Na aliyebebeshwa mzigo mzito zaidi wa dhana hiyo ni bundi. Akilia juu ya paa, nyumba nzima hukosa raha. Na hata hapa Edgware Road, mbali na mapaa ya makuti, wamo miongoni mwetu wasiopenda kumtaja usiku. Ilhali Mtume (s.a.w.) alikwisha kuikataza itikadi ya mikosi ya ndege, na wanazuoni wengi wamefasiri kwamba bundi ni katika waliokusudiwa.

Tunayataja haya kwa sababu kwetu pwani ya Kenya wako watu waliojitolea kumlinda bundi.

Msitu wa Arabuko-Sokoke, baina ya Kilifi na Malindi, una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420. Humo huishi bundi mdogo asiyefika shibiri moja kwa urefu, ambaye wataalamu walimpa jina mwaka 1966. Mbali na sehemu hiyo ya pwani, hajulikani kupatikana kwengineko ila katika misitu iliyo chini ya milima ya Usambara, Tanzania. Sisi tuliweza kuhama. Yeye msitu ukikatwa hana pa kwenda.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakulima wengi jirani walitamani msitu huo ugawiwe mashamba. Hawakuwa na makosa ya kushangaza: tembo waliwaharibia mimea, na msitu haukuwapa faida waliyoiona. Mwaka 1993 ukaanzishwa mradi wa Kipepeo penye magofu ya Gede, ambapo wanavijiji hufuga vipepeo kwa ajili ya maonyesho ya nchi za ng'ambo. Mwaka 2001 shirika la A Rocha Kenya likaanzisha mpango wa ASSETS: ada wanazolipa wageni wanaokuja kutazama ndege, hasa katika hori ya Mida, husaidia karo za sekondari kwa watoto wanaoishi kando ya msitu. Vijana wa hapo wamejifunza majina na sauti za ndege, wakawa waongozaji wa wageni. Mzee David Ngala, mwenyeji wa huko, amejulikana kwa miaka mingi kwa kumfuatilia bundi huyo na kung'oa mitego ya waya msituni.

Kazi haijaisha. Katika misitu ya Dakatcha, nyuma ya Malindi, mwaka 2013 vilionekana kwa mara ya kwanza viota vya kwera wa Clarke, ndege aliyeandikwa na wataalamu karne nzima kabla, mwaka 1913. Wenyeji walishiriki katika kumtafuta. Lakini misitu hiyo hiyo hukatwa kwa mkaa na hufyekwa kwa mashamba ya mananasi.

Hapa ndipo jambo hili linapotugusa. Wengi wetu tunapeleka fedha nyumbani kujenga. Tunauliza bei ya saruji na mabati. Ni nadra kumuuliza fundi mbao na boriti zimekatwa wapi. Tuanze kuuliza. Na tukienda likizo, tuwapeleke watoto Mida, tulipe ada kama wageni wengine, kwani ada hiyo ni karo ya mtoto wa jirani.

Huku nako kuna la kufanya. Tangu mwaka 1979 chama cha kuhifadhi ndege cha Uingereza, RSPB, huwaalika watu kila mwisho wa Januari kuhesabu ndege kwa muda wa saa moja. Hyde Park iko mwisho wa barabara yetu. Kalamu na karatasi zinatosha. Mtoto aliyezoea kumhesabu shomoro wa London hatamrushia jiwe bundi wa Sokoke.

Wabillahi tawfiq.