Mullingar: Mji wa Maziwa Unaohitaji Wageni wa Kulala

Jina la Mullingar, makao makuu ya kaunti ya Westmeath katikati ya Ireland, lilijengwa na ng'ombe wa nyama. Siku hizi mji huu, uliozungukwa na maziwa Owel, Ennell na Derravaragh, unatafuta riziki kwa watalii pia, na mtaji wake mkubwa ni mali iliyokwisha kutelekezwa.

Mfereji wa Royal Canal ulifika hapa 1806 ukileta mizigo na abiria kutoka Dublin. Reli ikaja 1848, ikaunyang'anya wateja, na 1961 mfereji ukafungwa. Waliouokoa ni watu wa kujitolea: chama cha Royal Canal Amenity Group, kilichoundwa 1974, kilishika majembe na kuanza kuufufua kipande kwa kipande. Mwaka 2010 boti ziliweza tena kuupita wote. Reli ya kwenda Athlone nayo, baada ya kukosa abiria tangu 1987, ilifunguliwa 2015 kuwa njia ya baiskeli ya zaidi ya kilomita 40. Mwaka 2021 ikafuata njia ya kando ya mfereji, kilomita 130 kutoka Maynooth hadi Longford. Zote mbili zinakutana Mullingar, na hapo ndipo wakodishaji wa baiskeli na wenye mikahawa wanapopatia chao.

Wavuvi wa ndoano ni wateja wa zamani zaidi. Trauti aliyevuliwa Ennell 1894 alizidi kilo 11, na rekodi yake bado haijavunjwa. Kando ya ziwa hilohilo kuna jumba la Belvedere, la 1740, ambalo bustani zake huvuta familia nyingi.

Tatizo ni ukaribu wa Dublin, kilomita 80 hivi. Mgeni hufika asubuhi, akala chakula cha mchana, jioni akarudi zake. Wenye mikahawa na hoteli walibanwa zaidi Septemba 2023, kodi ya ongezeko la thamani ilipopanda kutoka asilimia 9 hadi 13.5. Kwa maoni yangu, njia zimetosha. Fedha zinazofuata ziende kwenye vitanda vya bei nafuu na shughuli za jioni, na kwanza kabisa kwenye usafi wa maziwa. Owel ndilo linalolisha mfereji, na likichafuka biashara yote hii itaumia. Nawe msomaji ukipata safari ya Dublin, panda treni uende Mullingar, ulale angalau usiku mmoja.